Jikoni kwa Madamu, Mwezi wa Mfungo

Wiki iliyopita mjukuu wangu alikuwa anakaanga mayai, akaiacha siagi ikaungua kidogo ukingoni mwa kikaango. Nilikuwa nimekaa barazani, hapa Sinza, na redio ambayo sikuwa naisikiliza. Harufu iliponifikia nikasimama, wala sikujua kwa nini.

"Babu, unataka nini?" akaniuliza.

Nikamwambia sitaki kitu. Ni kweli sikutaka kitu. Lakini siku ile yote sikukaa sawa, na tangu hapo nimekuwa nikijaribu kulipanga jambo moja ambalo miaka yote hii halijakubali kupangika kichwani mwangu. Naliandika kwa ajili yenu wenzangu wa rika langu, mnaokumbuka Ramadhani ilivyokuwa vijijini kabla ya umeme, mtoto alipohesabu vivuli kujua kama magharibi imekaribia.

Baba yangu alikuwa mpishi. Alipika katika nyumba ya wageni iliyokuwa ufukweni, kaskazini ya mji, kabla hujafika Bunju. Barabara ya Bagamoyo wakati huo ilikuwa vumbi tupu, na kijiji chetu kilikuwa na nyumba chache ambazo mtoto angeweza kuzitaja zote kwa majina ya wenyewe. Mwenye nyumba ile alikuwa mjane wa Kizungu tuliyemwita Madamu. Waingereza ndio waliokuwa wakitawala, kwa hiyo kwetu kila Mzungu alikuwa Mwingereza, lakini yeye ukimwita hivyo alikasirika, na ukimwita Mfaransa alikasirika nusu. "Mimi Mbretoni," alisema kwa Kiswahili chake cha kukatikakatika.

Aliyetufafanulia ni Athumani, mhudumu wa mezani, rafiki mkubwa wa baba, mtu aliyefanya mzaha na kila kitu. Nilimwita ami ingawa hatukuwa na damu moja. "Ufaransa ndiyo Bara yao," alisema. "Kwao Madamu ni pwani, kwenye mawe na samaki. Sasa wewe mtu wa Mrima, mtu akikuita wa Bara utafurahi?" Hapo tukaelewa mara moja.

Nyumba ilikuwa na vyumba sita na sheria moja, nayo ilikuwa kimya. Wageni walitoka mjini, maofisa na wake zao, wakakaa siku tatu au wiki. Baba na ami Athumani walitembea pekupeku. Bawaba za milango zilitiwa mafuta kila Jumatatu. Kulikuwa na mtu wa kufukuza kunguru, naye alikatazwa kupiga kelele, akawa anawatupia vijiti huku amebana midomo kama mtu anayezuia chafya. Wageni walilala mchana kwenye viti vya turubai, wamefunika macho kwa kofia, wasisemezane hata mume na mke.

Na walikula vitu ambavyo sikujua niviweke wapi. Chaza wabichi, wanatikisika bado, kwa ndimu za mti wetu. Chapati nyeusi nyembamba zenye matundu, ndugu wa chapati za maji, za unga uliokuja kwa meli. Unga ukiisha baba alichanganya mtama na ulezi, na Madamu alifumba macho akala akasema inafaa. Kamba koche mzima na siagi. Mkate uliokunjwakunjwa kwa siagi na sukari mpaka juu ukang'aa kama kioo cha taa. Kilichonishangaza kuliko vyote ni samaki wao wa kuchemsha, aina tano sita katika chungu kimoja pamoja na viazi na vitunguu. Mchuzi ulipelekwa mezani kwanza, peke yake, juu ya kipande cha mkate. Wakishaumaliza ndipo samaki wakaletwa sahani nyingine, wakavu, kama watu waliochelewa harusi. Ukiniuliza, mchuzi bila samaki ni chakula cha nani kama si cha mgonjwa?

Mvinyo wa matofaa Madamu aliumimina mwenyewe, na nyama ya nguruwe alikuwa na kikaango chake na kisu chake. Baba na ami walimwambia tangu mwanzo kwamba hawagusi, na alikubali. Lakini kijijini wapo waliosema tangu zamani kwamba jiko ni jiko, haligawanyiki.

Siku moja nilimuuliza ami Athumani, "Ami, wale watu wanaumwa nini?"

Alinitazama, akaona hapa pana mzaha. "Wanaumwa mji," akasema bila kucheka. "Ugonjwa wa mji mbaya sana. Mtu hasemi, halali, hali. Dawa yake chaza mbichi na mchuzi mtupu."

"Unaambukiza?"

"Eeh! Ukikaa nao sana."

Nikamwamini. Tangu siku ile nyumba ya Madamu kwangu ilikuwa hospitali, na kila kitu pale kikawa na maana. Na baba, aliyekuwa akirudi nyumbani akiongea kwa sauti ya chini kwa mazoea ya kazi, nikaanza kumwangalia kwa wasiwasi.

Mwaka huo ulikuwa wa kwanza kwangu kufunga mwezi mzima. Nilikuwa na miaka minane, na nilijisikia mtu mkubwa. Mama alinituma nipeleke ndimu jikoni kwa Madamu, nikapita uani, nikafika dirishani. Baba alikuwa ameinama juu ya chungu cha samaki. Alichovya kijiko cha mti, akakipeleka mdomoni, akafumba macho. Midomo ikacheza. Mchana kweupe, jua utosini.

Nikaweka ndimu kwenye ngazi nikaondoka. Sikufikiria kabisa kwamba baba anavunja mwezi. Baba yangu? Yeye ndiye aliyetuamsha daku. Nilichofikiria ni kile tulichofundishwa chuoni wiki ileile, kwamba mgonjwa halazimiki kufunga. Kwa hiyo baba anaumwa. Ameambukizwa, na anatuficha.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Maalim, aliyetufundisha Kurani na kutuswalisha msikitini. Alikuwa anasuka ukili wa mkeka kwenye kibaraza chake.

"Shikamoo Maalim. Naomba umwombee dua baba yangu."

"Marahaba. Ana nini baba yako?"

"Anaumwa."

"Tangu lini? Jana tumeswali naye tarawehe rakaa zote ishirini, na nyuma yangu ndiye aliyeitikia kwa nguvu."

"Anaumwa mchana tu, Maalim. Ndiyo maana anakula."

Mikono ya Maalim ikasimama kwenye ukili. "Umemwona kwa macho yako?"

"Ndiyo. Kwa Madamu."

"Nenda nyumbani," akasema. "Usimwambie mtu yeyote." Nikaenda nimefurahi, nikijua dua imeshapata mtu wa kuiomba.

Sasa lazima niwaeleze juu ya uji. Kila Ramadhani baba alitoka kwa Madamu alasiri, akaja kupika uji wa pilipili manga kwa ajili ya msikiti. Unga wa mchele, tui zito, sukari, pilipili manga aliyoitwanga mwenyewe. Hapakuwa na aliyemwagiza, ni jambo alilojipa. Watu wazima walifungua kwa tende na maji, kisha wakamgeukia baba na vikombe mikononi, na yeye akachota. Mchana kutwa aliwapikia watu ambao hata jina lake walilikosea. Jioni, ile sufuria ndiyo iliyokuwa jina lake. Nimelielewa hilo nikiwa mtu mzima, lakini hata mtoto aliweza kuona jinsi alivyoibeba.

Jioni ya siku ile Maalim alifungua kwa tende, akanywa maji, akasimama kuswali. Kikombe hakukigusa. Aliyekaa kando yake akamtazama, naye akaacha chake. Wengine wakafuata, mmoja mmoja. Baba alisimama na upawa mkononi, anatabasamu bado kidogo, kama mtu anayesubiri mwenzake amalizie sentensi. Sufuria ikarudi nyumbani imejaa.

"Wameshiba nini leo?" mama akauliza.

"Sijui," baba akasema. "Labda nimezidisha pilipili."

Tukanywa uji ule mpaka matumbo yakauma.

Kesho yake mama alinituma tena ndimu. Nikachungulia tena dirishani. Baba alichovya kijiko, akakigusisha ulimi, akafumba macho. Kisha akainama chini ya meza, akatoa kopo la maziwa lililokuwa tupu, akatema. Akachukua maji, akasukutua, akatema tena. Akasukutua mara ya pili. Akafuta ulimi kwa ncha ya kitambaa, akaongeza chumvi chunguni, akaendelea.

Nilisimama pale sijui niseme nilikuwa najisikiaje. Naweza kusema nilielewa, lakini si kweli. Nilichojua ni kwamba jana nilitazama nusu, nikaondoka. Jioni sufuria ikarudi imejaa tena, na baba alipokuwa anavua kanzu nikamuuliza, "Baba, umepona?"

"Siumwi mie. Nani kakwambia naumwa?"

Mlango ulikuwa wazi mbele yangu pale. Nilichotakiwa ni kuingia. Nikasema, "Nimeona tu umenyamaza."

Siku ya tatu mzee mmoja alimwambia waziwazi, sufuria ikiwa bado mikononi mwake. "Bwana, uji wa mtu anayekula mchana hatuunywi."

"Nani anakula mchana?"

"Umeonekana."

"Nimeonekana na nani?"

Mzee akamgeuzia mgongo. Baba akaomba asikilizwe, na kesho yake baada ya alasiri wanaume wakakaa msikitini, sisi watoto wa chuo tukiwa nyuma karibu na viatu. Baba alieleza polepole. Siagi ya Madamu inakuja na chumvi ndani, kila kopo na chumvi yake, asipoonja wageni watakunywa bahari. Anaonja kwa ncha ya ulimi, anatema, anasukutua. Hajameza hata tone.

"Nani shahidi?" mtu akauliza.

"Athumani. Yuko nami jikoni kila siku."

Lakini ami Athumani alikuwa Bagamoyo tangu juzi yake, mama yake amefariki. Na hapo mtu mmoja akacheka kidogo, akasema, "Athumani huyu aliyesema sokoni kwamba mpishi wetu anafunga saumu ya kijiko?"

Nakumbuka uso wa baba. Aligeuka polepole kama mtu aliyeguswa begani. "Athumani kasema hivyo?"

"Tumesikia sote. Tukadhani mzaha."

Ulikuwa mzaha. Ami hakujua kusema kitu bila mzaha. Lakini niliona baba anaanza kuhesabu ni nani angeweza kuliona jiko lile kwa ndani, na kila alipohesabu alifika kwa mtu mmoja.

Maalim aliinua mkono. Kisha akasema, "Kama yumo humu aliyemwona akitema, aseme. Hatakuwa na lawama." Na alipomaliza kusema akanitazama. Hakunitaja wala hakuninyooshea kidole. Alinitazama mimi katikati ya watoto kumi na wawili, akasubiri.

Sasa nitasema ukweli kama nilivyo nao. Tulikuwa tumefundishwa habari za shahidi wa uongo na ulimi wake Siku ya Kiyama. Nilimwambia Maalim baba anakula. Nikisema sasa kwamba anatema, basi lile la kwanza lilikuwa uongo. Lakini lile nililiona, na hili nililiona. Yote mawili yangewezaje kuwa kweli? Nilijaribu kuyaweka pamoja, yakakataa. Na chini ya hayo yote palikuwa na kitu chepesi zaidi, ambacho nimekificha chini ya utoto wangu kwa miaka mingi. Niliogopa baba ajue ni mimi. Nikatazama mkeka. Maalim akasubiri tena, akashusha pumzi, kikao kikaisha.

Baba hakupeleka uji tena mwaka ule, wala mwaka uliofuata, wala mwingine wowote.

Ami Athumani aliporudi kutoka msibani alikuja nyumbani kwetu na haluwa, kama kawaida yake. "Hodi, mpishi! Nimekuletea tamu, maana nasikia wamekutia uchungu."

Baba hakusimama. "Usinifanyie mzaha."

"Mzaha gani tena? Nimesikia habari. Nitakwenda kuwaambia mwenyewe, wallahi..."

"Usiniapie, Athumani. Umeshasema yako sokoni."

"Lile la kijiko? Ndugu yangu, lile si..." Alitazama mama, akanitazama mimi, akatafuta mahali pa kuweka ile haluwa. Mwisho akaiweka kizingitini akaondoka. Hakuna aliyeila. Kuku wa jirani ndio waliokuja.

Baadaye nilisikia kwamba alikwenda kweli msikitini akasema aliyoyajua, lakini wakati huo watu walikuwa wamechoka na jambo lile, na shahidi mwenye mizaha hana uzito.

Walifanya kazi katika jiko moja miaka mingine saba. Baba alisogeza sahani ukingoni mwa meza, ami akaichukua. Mmoja alipohitaji chumvi aliifuata mwenyewe. Wakati wa mfungo baba hakuonja tena kabisa, Madamu akawa anakuja kuonja mwenyewe, bila kuuliza kwa nini. Siku moja nilipopeleka ndimu nilimsikia akiwasifu wote wawili, furaha imemjaa. "Zamani nyinyi kelele, hehe, haha. Sasa kimya kizuri sana. Wageni wanapenda." Baba akasema, "Asante, Madamu." Ami akasema, "Asante, Madamu." Nikaondoka haraka kama nimeiba.

Nilipofaulu kwenda sekondari ya bweni, bara, nilikwenda kumuaga Maalim. Nilikuwa nimeamua kusema, nikasema yote nimesimama, kofia mkononi. Alinisikiliza akiendelea kusuka.

"Nilijua," akasema. "Wiki ileile nilifungua kitabu. Mpishi anaruhusiwa kuonja kama ana haja, mradi asimeze. Limeandikwa wazi."

"Sasa mbona Maalim hukusema?"

"Nilikuwa nimeshaacha kikombe mbele ya watu wote, na waliponiuliza nikasema ameonekana. Nilingoja uniokoe wewe." Akanitazama. Hakuwa na hasira. "Nawe ulikuwa mtoto. Kwa hiyo lawama ni yangu. Usimwambie baba yako, utamfungulia kidonda tu."

Kwa miaka mingi nilijiambia nilimtii mwalimu wangu. Sikumtii. Nilimshukuru. Alinipa ruhusa ya kuendelea kufanya lile nililokuwa nikilifanya tayari.

Baba aliniuliza mara moja tu. Nilikuwa likizo, karibu nimalize masomo, Madamu ameshauza nyumba na kurudi kwao. Tulikuwa uani, anaparua samaki kwa ajili yetu wenyewe.

"Wewe umesoma," akasema bila kuinua kichwa. "Hebu nifikirie jambo. Lile la mwezi wa Ramadhani. Nimewaza huenda si Athumani. Yule bwana anaropoka, lakini kukaa chini akaniharibia jina langu, moyo unakataa. Ungekuwa wewe, ungesema nani?"

Alikuwa anauliza kweli. Alitaka nimpe mtu mwingine yeyote ili amrudie rafiki yake. Magamba yalikuwa yamemjaa mikononi, na alikuwa ameacha kuparua, ananisubiri.

"Sijui, baba."

Akafuta magamba mkononi. "Hujui," akasema. "Basi ni Athumani." Akaendelea kuparua.

Ningeweza kuwaambia nilikuwa kijana, na kijana haoni mbali. Nilikuwa na miaka kumi na minane. Niliona.

Ami Athumani alifariki miaka michache baadaye, kwa homa, siku tatu tu. Mtu alipopita kutangaza, baba alikuwa mlangoni. Alisikiliza, akasema inna lillahi, akaingia ndani. Mama akamtolea kanzu, akailaza kitandani. Saa ya kwenda makaburini ilipofika kanzu ilikuwa palepale. Mnajua pwani yetu, mtu anaweza kususa harusi ya jirani yake, lakini maziko? Watu walitazama mlango wetu walipopita na jeneza, halafu wakatazama chini.

Nilikwenda mimi. Nilishika jeneza zamu yangu, nikasimama ukingoni, nikatia udongo mara tatu kwa mikono yangu kama ilivyo ada, nikarudi nyuma. Kisha nikaikumbuka kanzu iliyobaki kitandani, nikasogea tena nikatia mara tatu nyingine. Mzee aliyekuwa karibu akanishika mkono kwa upole.

"Umeshatia, mwanangu," akaniambia. "Umepotewa na hesabu."

Nikamwambia ndiyo, nimepotewa na hesabu.